Mataruma Nane Karibu na Kibanda Chako

Mama Ndinda,

Nimekutaja kwa nyapara. Nimeona afadhali usikie kwangu, kabla mtu mwingine hajakuja huko akuambie kwa njia yake.

Ni juu ya ile maji. Unajua maji gani.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliacha shule darasa la tatu, na barua zote za nyumbani wewe ndiye ulikuwa unajibu. Ningemwambia Ndinda aniandikie, lakini Ndinda haongei na mimi. Leo ni siku ya kumi. Anapika, ananiwekea sahani kwa meza, anatoka nje. Chakula ni kizuri, sina lalamiko. Lakini haongei. Kwa hivyo nimenunua daftari na kalamu pale dukani Jericho, na leo ni Jumapili, yeye ameenda kanisa, mimi nimeketi hapa mlangoni naandika. Ukiona makosa, vumilia.

Nianze na habari zingine, usiseme nimekuja na mashtaka tu.

Ni mwaka moja na miezi tatu sasa tangu tukuzike. Kaburi iko sawa. Krismasi niliomba ruhusa nikaenda Machakos, nikang'oa majani, nikapanga mawe upya pande zote. Mvua ilibomoa choo ya mama yangu lakini kaburi haikugusa. Hapa Makongeni nyumba za reli ni zile zile, na sisi tuko chumba kile kile. Kitanda nimesogeza upande wa dirisha. Hakuna sababu, nilisogeza tu. Redio iliharibika, nikatengeneza, ikaharibika tena, sasa tunakaa hivyo. Leso yako ya kijani Ndinda anavaa. Kule Donholm wanajenga nyumba za mawe, vijana wengi wa huku wamepata kibarua, asubuhi unawaona wanaenda na sufuria zao.

Na kibanda chako kipo. Ndinda alichukua wiki ya pili baada ya matanga. Mimi sikumwambia. Alibeba sufuria zako mbili, ile ya uji na ile ya maharagwe, akabeba karai na vikombe, akaenda pale pale, kwa ile njia watu wa Jericho wanavukia reli asubuhi kwenda viwandani Indasitria. Siku ya kwanza watu walisimama. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe Mama Ndinda alipona!" Mtoto wetu akageuka, mzee akatoa kofia. Anafanana na wewe kwa mgongo.

Na anafanya kila kitu vile ulimfundisha. Anakoroga uji kama wewe. Pilipili kwa maharagwe kama wewe. Na akimaliza kuosha vyombo anachukua karai, anatembea hatua nne, anamwaga maji kwa reli. Kama wewe.

Mimi nikiona hivyo nilikuwa nageuka naangalia kando. Ni kazi niliizoea. Hata wakati wako, miaka kumi, nilikuwa nageuka.

Kumbuka nilikuambia mara moja. Kibanda kilikuwa na mwaka wa pili. Gengi yetu yote ya kutengeneza reli ilikuwa imeketi kwa benchi, ni saa ya uji, na mimi nikaona nikuambie hapo hapo. Nikasema, "Mama Ndinda, hiyo maji itaozesha mataruma." Wewe ulikuwa unaita mbao za reli. Ulinitazama na mwiko mkononi, ukasema, "Kwani hii reli ni sukari, iyeyuke?" Watu walicheka mpaka Njoroge akajimwagia uji kwa suruali. Ukaongeza, "Gari moshi nzima inapita hapo na mabehewa yake, halafu karai yangu ndiyo itaiangusha?" Nikainamia uji wangu. Mbele ya gengi, mwanamume angefanya nini. Na nyumbani sikurudia hayo maneno tena.

Lakini ulikuwa na sababu, hiyo nasema. Pale udongo ni mweusi. Ukimwaga maji kwa njia, watu wanateleza, kesho hawaji. Kwa reli kuna kokoto. Mawe inakunywa maji mara moja, hakuna matope, hakuna nzi. Mtu yeyote mwenye akili angemwaga hapo. Shida ni kwamba mawe hainywi uji. Uji inabaki katikati ya mawe, na makapi ya maharagwe, na jivu la kusugulia sufuria, na udongo wa viatu vya watu wanaovuka. Inaziba. Mwaka baada ya mwaka ile kokoto inashikana, maji haipati pa kupita, na mbao inakaa ndani ya maji kama mguu ndani ya gambuti iliyotoboka. Mbao ya reli ni ngumu na imepakwa dawa nyeusi. Lakini hata hiyo haiwezi kukaa kwa maji miaka yote.

Mimi nilijua. Si unajua kazi yangu ilikuwa kutembea. Wengine wanashika sururu, mimi natembea na nyundo na spana, kila asubuhi, kipande chote cha gengi yetu. Nakaza iliyolegea. Nagonga mataruma. Nzima inalia ko. Mbovu inalia pu. Nikirudi namwambia nyapara, na yeye anaandika kwa kitabu. Hiyo kazi hawapi mtu ovyo. Ni ya mtu anayeaminika.

Pale kwako zilianza kulia pu mwaka wa nne. Ya kwanza, halafu mbili pamoja. Nikaenda kwa nyapara Wafula, nikafungua mdomo, nikasema, "Kuna mchwa pale kwa njia ya watu."

Mchwa. Sikupanga. Ndiyo neno lilinitoka. Na mchwa kwa reli si ajabu, kule mbele upande wa Embakasi wanakula sana, kwa hivyo Wafula hakuuliza. Akaandika mchwa. Dawa ikaletwa kwa debe, akampa Njoroge amwage, na Njoroge akamwaga. Baadaye nikasema tena mchwa. Dawa tena, Njoroge tena. Wewe mwenyewe ulilalamika hiyo dawa inanuka karibu na chakula. Ukaniuliza, "Mchwa wa wapi hapa? Mimi naketi hapa kutwa sijaona hata mmoja." Nikakuambia wewe pika uji.

Kitu kimoja hukujua. Siku Wafula hayuko karibu, nilikuwa nabeba sururu naenda pale peke yangu, nashindilia mawe chini ya hizo mbao ili zisicheze. Wewe ulikuwa unasema, "Huyu mzee anapenda uji wa bure." Nilikuwa nakuja kuficha makosa yetu. Uji pia nilipenda.

Sasa nikuambie ilivyotokea.

Mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya. Asubuhi moja natembea, nafika pale, Ndinda amefungua, watu wako kwa foleni. Gari ya abiria ilikuwa inakuja, nikasimama kando. Nikaona mataruma inapumua. Gurudumu ikikanyaga, mbao inazama, matope inaruka kando, inafika mpaka kwa vikombe. Gurudumu ikitoka, mbao inapanda juu tena. Behewa ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, zote. Watu wamejaa mpaka milangoni wanaenda kazi. Mmoja akanipungia mkono. Gari ilipoisha niliinama nikashika msumari, ule mkubwa wa kushika reli, ule unataka mtaimbo na mtu mwenye kifua. Nikauvuta kwa vidole. Ukatoka. Nikasimama hapo nimeushika kama mtu ametoka sokoni na karoti.

Niliogopa, Mama Ndinda. Hiyo kazi nimefanya tangu Ndinda hajazaliwa, nimeona mtu akikatwa vidole, nimeona behewa ikilala ubavu. Sijawahi kuogopa hivyo. Ile gari ingeanguka, ingeangukia upande wa kibanda.

Niliweka bendera nyekundu nikakimbia kwa Wafula. Nikamwambia ni mbao nane mbovu, gari zisipite mbio. Akauliza, "Ni nini tena?"

Nikasema mchwa.

Hata hiyo siku. Msumari uko mkononi na nikasema mchwa.

Wafula alifanya kazi yake. Gari zikaambiwa zipite polepole hapo. Mataruma mpya ikaletwa, na sisi wote kumi na mbili tukaenda kubadilisha.

Ulikuwa unatuona tukifanya hiyo kazi lakini siku zote ulisema huelewi kwa nini inachukua kutwa. Ni hivi. Huwezi kutoa mbao mbili zinazofuatana, reli itakosa pa kulala. Unaruka. Unatoa moja, unaacha jirani yake, unatoa nyingine. Unachimba mawe mpaka mbao inabaki uchi. Unang'oa misumari. Unainua reli na jeki, kidogo tu, kama vile wewe ulikuwa unainua kifuniko kuangalia maharagwe. Halafu watu wanne wanavuta ile ya zamani inatoka kando, na wanasukuma mpya inaingia. Unapiga misumari, unapima kama reli mbili bado zimeachana sawa, halafu unashindilia mawe chini mpaka mbao isijue kusonga. Na gari ikikaribia unaacha kila kitu unatoka.

Kwingine sururu ikiingia kwa kokoto inalia. Pale kwako iliingia ikanyamaza. Chini ilikuwa tope nyeusi, nzito. Na harufu ikatoka. Harufu ya uji umechacha.

Kila mtu alisikia. Halafu Njoroge akanyoosha mgongo, akavuta pua, akasema, "Hawa mchwa wa Musyoka wanapika."

Gengi ikacheka. Mimi pia nikacheka, nikaendelea kuchimba. Nikapata kijiko. Nikapata shikio la kikombe cha bati. Nikapata kile kifuniko kidogo cha birika, kile ulimlaumu Njoroge miaka mbili ati amepelekea bibi yake. Kimeoza kwa kutu lakini nilikijua. Nikatia yote mfukoni. Ndinda alikuwa ananiangalia kutoka kwa kibanda.

Mbao ya tatu haikutoka nzima. Ilikatika mikononi kama mkate umelowa chai.

Wafula alikuwa ameenda stesheni kuzungumza kwa simu. Aliporudi akaona vile vipande, akapiga kimoja teke. Wafula si mtu mbaya, lakini anaamini kitabu chake kuliko macho yake. Kitabu kinasema mchwa mara mbili, dawa mara mbili. Harufu aliisikia, akafikiri ni ya kibanda. Akauliza, "Dawa ilimwagwa hapa?" Njoroge akasema, "Mimi mwenyewe nilimwaga, nyapara. Mara mbili." Wafula akasema, "Ungemwaga, mbao ingekuwa hivi? Wewe uliuza hiyo dawa kwa watu wa mashamba."

Njoroge akacheka, alifikiri ni mzaha. Akasema, "Nyapara, mimi nikiuza kitu si ningeuza wewe?" Wafula hakucheka. Akamwambia kesho asubuhi jina lake linaenda kwa inspekta.

Unajua hiyo inamaanisha nini. Jina likienda, kazi imeisha. Kazi ikiisha, nyumba ya reli unarudisha. Njoroge ana watoto sita kwa chumba kama hiki chetu. Na ni Njoroge alishika jeneza lako mbele, upande wa kushoto, kutoka barabara mpaka shambani kwetu, na goti lake baya vile unajua. Alipumzika mara moja tu, na ni kwa sababu sisi wengine tulichoka.

Hakuniomba kitu. Aliniangalia tu. Njoroge anajua mimi najua mbao. Anajua mimi ndiye nilisema mchwa. Halafu akachukua sururu akarudi kwa kazi.

Tulifanya kazi mpaka jioni, tukamaliza mbao nne za siku hiyo. Na mimi muda wote nikawa nafikiria. Nikisema, uwongo ni wangu, jina langu ndilo litaenda kwa inspekta. Nyumba itaenda. Kibanda cha Ndinda kitatolewa, na ndicho anategemea, shule unajua alikomea wapi. Lakini hizo zote ningebeba. Iliyonisumbua ni wewe. Mtu aliye hai ukimtaja anaweza kusimama aseme kwani reli ni sukari. Wewe ungetajwa tu, unyamaze.

Tulikuwa tunarudisha vyombo kwa toroli. Nikasema hapo, mbele ya wote, kwa sababu nilijua nikingoja nitasema mchwa tena.

Nikasema, "Nyapara, hapa hakuna mchwa. Hakukuwa na mchwa hata siku moja. Ni maji. Bibi yangu alikuwa anamwaga maji ya vyombo hapa, na mimi nilijua, na nikakudanganya. Njoroge hajauza kitu."

Nikatoa kile kijiko mfukoni nikamwonyesha.

Sikujua Ndinda amekuja. Alikuwa amekuja kukusanya vikombe vya gengi, yuko nyuma yangu hapo, amevishika kifuani. Alisema, "Baba." Nikageuka. Akasema, "Mama amelala, hawezi kujibu. Ndiyo umeona umseme?" Akaweka vikombe chini kimoja kimoja, vizuri, vile unaweka wewe ukikasirika. Akaenda zake. Karai, sufuria, mwiko, vyote aliacha. Mimi ndiye nilibeba mpaka nyumbani, karai kichwani, watu wa Makongeni wananiangalia.

Lakini kabla nibebe, sikiliza. Wafula alishika kile kijiko akakizungusha. Akasema, "Musyoka, wewe ni mjinga." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nimekunywa uji hapa miaka hiyo yote." Nikasema ndiyo, nyapara. Akasema, "Na nikimaliza kunywa nasuuza kikombe, ile maji namwaga wapi?"

Watu wakaangalia chini. Ni Njoroge, yule ameponea hapo hapo, ndiye alijibu. "Kwa reli, nyapara. Sisi wote. Lakini wewe unatupa na nguvu, yako inafika mpaka upande ule mwingine."

Wakaanza kucheka polepole, halafu wote. Wafula alijaribu kukaza uso akashindwa. Alicheka mpaka akaketi kwa toroli.

Kucheka si kusamehe. Kesho yake kwa kitabu aliandika maji. Hakuandika ni maji ya nani. Jina la Njoroge halikuenda, na langu halikuenda. Lakini aliniita kando, akanyoosha mkono, akaniambia lete nyundo na spana. Akasema, "Mtu ameficha mbao nane hawezi kutembea reli yangu." Nikampa. Ana haki. Sasa ni mtu mwingine anatembea, na mimi nimerudi kwa sururu na umri huu. Jioni mgongo unalia. Nyumba tunayo. Na kibanda akasema kiondoke hapo kabla ya wiki kuisha, kiende hatua thelathini kutoka kwa reli, upande wa ukuta.

Siku hiyo ya pili tulimaliza zile nne zilizobaki. Tukachota tope yote, tukaleta kokoto safi. Nikaomba nishindilie mimi, zote nane. Wafula akasema hiyo hakuna mtu atakunyima. Gari ya jioni ikaja, nikasimama pale ulikuwa unasimama na karai. Nikaangalia mbao. Behewa ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Hazikusonga.

Jumamosi mimi na Njoroge tukahamisha kibanda. Nguzo nne, mabati, benchi. Tukachimba shimo kubwa tukajaza mawe, ili maji ya vyombo iwe na pa kwenda. Ndinda alikuja akasimama mikono kiunoni. Hakuniangalia. Akasema, "Mzee Njoroge, mwambie huyo mtu hiyo nguzo imepinda." Njoroge yuko hatua mbili kutoka kwangu. Akageuka akasema, "Musyoka, umeambiwa nguzo imepinda." Nikanyoosha. Akasema, "Mzee Njoroge, mwambie sasa imepinda upande huu." Nikanyoosha tena. Njoroge alikuwa anafurahi sana.

Jumatatu akafungua. Watu wengine walipita moja kwa moja, hawajazoea upande wa ukuta. Lakini gengi yote ilikuja. Aliwapa wote, mimi akanipa mwisho. Nikanywa. Nikasuuza kikombe. Na mkono ukaenda wenyewe, Mama Ndinda, ukageukia reli. Hatua thelathini, hata ningetupa isingefika. Gengi yote inaniangalia. Ndinda pia. Nikatembea mpaka kwa shimo, nikamwaga hapo. Wiki yote hii hajasema kitu.

Nimekuwa nafikiri amekasirika kwa sababu nimesema ukweli. Nilikuwa tayari kumwambia ukweli ni ukweli, na Njoroge ni mtu na watoto. Hayo bado nasema. Kwa Njoroge sikuombi msamaha. Ungekuwa wewe umesimama hapo ungesema mwenyewe, tena kwa sauti, na ungemtukana Wafula juu yake.

Lakini sasa nikiandika hivi, nikipanga nani alisema nini na nani alikuwa wapi, naona kitu sikuona. Ndinda aliondoka mapema. Alisikia mimi nikisema bibi yangu alikuwa anamwaga. Hakusikia Wafula akiuliza yake alimwaga wapi. Hakusikia Njoroge akisema sisi wote. Mtoto anajua kwamba gengi nzima ilikunywa uji wako miaka kumi, na siku mbao ilioza baba yake akasimama akataja mtu mmoja, yule aliyekufa. Na yeye pia anamwaga hapo, kwa hivyo amesikia na yeye ametajwa.

Ningesema sisi wote. Maneno mbili. Ilibidi nyapara aniletee. Hapo ndipo nilikukosea, na hapo naomba msamaha. Si kwa kukutaja. Kwa kukutaja peke yako.

Naona watu wa kanisa wanaanza kurudi, wanaume wa kwaya wako mbele. Ndinda atakuja na wale wamama wa nyuma, wanatembea polepole, wana maneno.

Ahadi yangu ni hii. Akifika mlangoni sitangoja aweke sahani. Nitamwambia aketi, na asipoketi nitamwambia akiwa amesimama. Nitamwambia yote, na ya Wafula, na ya Njoroge, na vile mimi mwenyewe nilisimama kwako na kikombe changu kila asubuhi nikamwaga pale pale huku najua. Asipojibu leo, kesho nitasema tena. Na mtu yeyote wa reli akiniuliza ni nani aliozesha hizo mbao, nitasema ni sisi, gengi nzima, na bibi yangu alikuwa mmoja wetu.

Lala salama huko, Mama Ndinda. Ndinda amefika kwa mfereji, anaosha miguu. Ananiona na daftari.

Ni mimi mume wako,
Musyoka